Mjadala Unapokwama: Dalili, Vyanzo na Marekebisho ya Uwiano kati ya Kutetea na Kudadisi

Kikao kinapoharibika, lawama huwaangukia watu kwanza: huyu ni mbishi, yule hasemi, mwenyekiti hana msimamo. Lawama hizo zinaweza kuwa na ukweli, lakini hazimsaidii anayetaka kikao kijacho kiwe bora, kwa kuwa tabia ya mtu haibadilishwi kwa azimio. Kinachoweza kubadilika ni aina ya kauli zinazotolewa. Kauli nyingi zenye uzito katika mjadala hufanya moja ya kazi mbili: ama msemaji anatetea, yaani anaeleza anachoamini na kutaka wenzake wakikubali, ama anadadisi, yaani anataka kujua wenzake wameona nini na wamefikaje kwenye msimamo wao. Maneno yenyewe yana doa kidogo katika mazungumzo ya kila siku, kwani mtetezi hutukumbusha mahakama na mdadisi hutukumbusha mtu anayechungulia mambo yasiyomhusu; hapa yote mawili yametumika kwa heshima.

Chris Argyris na Donald Schön, ambao katika miaka ya 1970 waliandika kuhusu jinsi watu wenye elimu na nia njema wanavyoshindwa kujifunza wakiwa pamoja, walisisitiza kwamba kutetea na kudadisi vinapaswa kuunganishwa na mtu yule yule. Hilo ndilo linalosahauliwa. Wengi hudhani uwiano unapatikana kwa kuwagawa wajumbe, watetezi upande huu na waulizaji upande ule, na matatizo mengi yanayoelezwa hapa chini huanzia kwenye dhana hiyo.

Kabla ya kutibu, pima

Chukua karatasi, igawe sehemu mbili, na kwa dakika 15 weka alama moja kwa kila kauli ya kutetea upande mmoja na alama moja kwa kila swali upande wa pili. Usiishie hapo. Kila kauli ya kutetea iliyofuatwa na sababu inayoweza kukaguliwa izungushie duara. Kila swali ambalo muulizaji alinyamaza na kusubiri jibu lake, lizungushie duara pia. Alama zitakuonyesha kikao kimeelemea wapi, na maduara yataonyesha kama kauli zenyewe zina afya. Nilipojihesabu mwenyewe kwa mara ya kwanza nilikuta kauli za kutetea zaidi ya kumi na swali moja tu, nalo lilianza kwa maneno "Kwani hamwoni kwamba…" Hadi siku ile nilikuwa nikijihesabu miongoni mwa wasikilizaji wazuri.

Usitafute nusu kwa nusu. Kikao kinachokusanya taarifa kitakuwa na maswali mengi, na kikao kinachokaribia uamuzi kitakuwa na utetezi mwingi, na vyote viwili vinaweza kuwa salama kabisa. Cha kuangalia ni upande usio na maduara.

Dalili: watu wawili wanajibizana na waliobaki wanatazama

Hii ndiyo dalili inayojulikana zaidi, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Chukua mfano wa kikundi kinachojadili kama kiahirishe uzinduzi wa mfumo mpya wa kutunza kumbukumbu.

"Tuahirishe," anasema mmoja.
"Hatuwezi. Tumeshatangaza."
"Kutangaza si hoja. Mfumo haujawa tayari."
"Mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo."

Kauli nne zimetolewa na bado hakuna aliyeeleza alichokiona kwa macho yake. Kila mmoja anasimama juu kabisa ya ngazi ambayo Argyris aliieleza: chini kuna mambo yaliyotokea, juu yake yapo machache tuliyoyachagua kuyaangalia, kisha maana tuliyoyapa, kisha hitimisho, na kileleni kabisa kuna hatua tunayotaka ichukuliwe. Neno "tayari" katika kauli ya tatu linaonekana kama taarifa ya jambo lililopo, kumbe ni hitimisho lililopanda vidato vitatu bila kuonekana likipanda. Mpinzani naye hawezi kulikagua. Anaweza kulikubali au kulikataa tu, na hivyo analikataa.

Marekebisho ni kushuka ngazi hadharani, na si lazima watu wawili washuke kwa pamoja, kwani akishuka mmoja mwenzake hupata pa kukanyaga. Kauli ya kwanza ingeweza kuwa hivi: "Mimi naona tuahirishe. Katika majaribio ya juzi tuliingiza kumbukumbu 20, na tulipozitafuta tatu hazikuonekana. Nimelichukulia hilo kuwa kosa la mfumo, ingawa inawezekana tuliziingiza vibaya. Ndugu yangu, wewe ulikuwapo siku ile, uliona nini?" Msemaji hajalegeza msimamo wake hata kidogo. Ameutaja msimamo, ametaja tukio, ametaja maana aliyolipa tukio hilo na mahali ambapo maana hiyo inaweza kuwa na kasoro, kisha amemwuliza mtu mmoja, kwa kumlenga, jambo analolijua. Atakayetaka kumpinga sasa ana kazi ya kufanya zaidi ya kupaza sauti: anaweza kusema kwamba kumbukumbu zile tatu ziliingizwa kabla ya marekebisho ya mwisho, na mjadala ukahamia kwenye jambo linaloweza kukaguliwa kabla ya kikao kuisha.

Iwapo hali inaendelea hata baada ya mmoja kushuka, tazama uendeshaji wa kikao. Mwenyekiti anayefungua ajenda kwa kuuliza nani anaunga mkono na nani anapinga amewalazimisha wajumbe kutangaza kambi kabla hawajasikia chochote, na mtu aliyetangaza kambi mbele ya wenzake huona aibu kuihama. Ni afadhali mzunguko wa kwanza uwe wa "umeona nini?" peke yake, na misimamo isubiri mzunguko wa pili.

Onyo moja. Mwenyekiti aliyechoka hupenda kuwaambia wanaojibizana wakutane katikati. Anayeona hatari anataka kuahirisha majuma mawili, asiyeiona hataki kuahirisha hata siku moja, basi kikao kinapitisha juma moja. Juma hilo moja halikutokana na tukio lolote la majaribio; limetokana na uchovu, na mfumo wenye kasoro hautajirekebisha kwa sababu wajumbe wameridhiana.

Dalili: maswali ni mengi, lakini yanaumiza

Hapa karatasi yako itaonyesha alama nyingi upande wa maswali, nawe unaweza kudhani kikao kina udadisi mwingi. Sikiliza tena. "Hivi kweli mnadhani hili litafanikiwa?" "Taarifa hamkuisoma?" "Nani aliidhinisha jambo hili?" Swali la mtego hutambulika kwa kipimo kimoja: je, lipo jibu lolote ambalo lingemfanya muulizaji abadili mawazo? Kama halipo, hilo ni dai lililovaa nguo za swali, na linapaswa kuvuliwa. Anayeuliza "Hivi kweli mnadhani hili litafanikiwa?" aombwe kusema, "Nina wasiwasi kwamba halitafanikiwa, kwa sababu hizi." Akishasema hivyo, wengine wanaweza kumjibu bila kujitetea.

Lipo pia swali ambalo halina mtego lakini linaumiza kwa sababu ya anayeliuliza. Mkuu wa idara akiuliza maswali matano mfululizo bila kueleza anatafuta nini, hata kama nia yake ni kujifunza, aliye chini yake atajihisi yuko kizimbani na atajibu kwa ufupi uwezekanao. Dawa ni kutanguliza sababu ya swali: "Nauliza gharama kwa sababu nataka kujua kama tunaweza kuanza na sehemu moja." Sentensi hiyo moja hugeuza mahojiano kuwa mazungumzo, kwa kuwa aliyeulizwa sasa anaweza kusaidia hata pale ambapo swali lenyewe halikuulizwa vizuri.

Dalili: onyo linatolewa kwa sura ya swali, kisha linapotea

Tatizo hili ni kinyume cha lililotangulia. Hapa muulizaji anajua jambo, au analishuku kwa nguvu, lakini kwa woga au kwa adabu analitoa kama swali dogo ambalo linaweza kujibiwa kwa neno moja. Tunaliita kuzunguka mbuyu, na katika vikao vingi huonekana kama ustaarabu.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya shirika la Pan Am (Pan American) la Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia kukiwa na ukungu, na watu 583 wakafa. Vyanzo vya ajali ile vilikuwa vingi, ukiwamo ukungu wenyewe na mawasiliano ya redio yaliyoingiliana, lakini kinasa sauti cha ndege ya KLM kilihifadhi mabadilishano mawili yanayotuhusu. Rubani mkuu alipoongeza nguvu za injini mara ya kwanza, rubani msaidizi alimwambia asubiri, kwa kuwa walikuwa hawajapata kibali cha waongozaji wa ndege; rubani mkuu akasita. Muda mfupi baadaye, ndege ikiwa imeshaanza kukimbia, mhandisi wa ndege, aliyekuwa amesikia mawasiliano ya redio, aliuliza kama ile ndege ya Pan American ilikuwa haijatoka njiani. Alijibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, na safari ikaendelea.

Tazama tofauti ya kauli hizo mbili zilizotoka katika chumba kimoja cha marubani. Ya kwanza ilitaja jambo: kibali hakipo. Rubani mkuu hakuweza kuiondoa kwa "ndiyo" wala kwa "hapana". Ilimlazimu afanye kitu. Ya pili ilikuwa na taarifa yenye uzito zaidi, lakini ilifika kama swali, na swali likishajibiwa huonekana limekwisha. Sidai kwamba kauli nyingine ingetosha kuiokoa ndege ile. Nadai kwamba yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao akimeza neno la hatari ndani ya swali la upole atautambua mtindo huo mara moja. Baada ya ajali za aina hiyo, mafunzo ya marubani yalibadilishwa ili walio chini wafundishwe kusema wazi na walio juu wafundishwe kusikiliza, na mafunzo hayo leo ni ya kawaida katika usafiri wa anga.

Kwa msemaji, marekebisho ni kuanza na ulichokiona, kuongeza unachokihofia, kisha kuuliza: "Nimesikia kwamba bado wako njiani. Naamini si salama kuendelea. Kuna mwenye taarifa tofauti?" Swali bado lipo, ila limekuja mwisho na limebeba mzigo. Kwa mwenyekiti, marekebisho ni tabia moja ambayo naiona kuwa na thamani kuliko mbinu zote zilizomo katika mwongozo huu: ukisikia swali dogo kutoka kwa mtu asiyezungumza mara kwa mara, usilijibu. Mwulize, "Umeona nini kilichokufanya uulize?" kisha nyamaza. Ukimya unaofuata unaweza kuwa mrefu kiasi cha kukukera, nao ndio unaompa nafasi ya kusema alichokikusudia.

Dalili: kikao kinakubaliana upesi mno

Watu hawaiiti hii kuwa dalili, huiita mafanikio. Ajenda nzito imepita kwa dakika kumi, kumbukumbu za kikao zimeandika kwamba wajumbe waliridhia kwa kauli moja, na kila mtu amefurahi kuwahi kuondoka. Kama jambo lenyewe lilikuwa jepesi, hakuna tatizo. Kama lilikuwa zito, chunguza.

Mfano unaotajwa sana ni uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe nchini Kuba mnamo Aprili 1961, ambapo wapiganaji wapatao 1,400 walioungwa mkono na Marekani walishindwa ndani ya siku tatu. Irving Janis, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1972 kuhusu fikra za kundi, aliutumia uvamizi huo kuonyesha jinsi washauri wenye akili wanavyoweza kuridhia mpango mbovu kwa sababu hakuna anayetaka kuvuruga umoja. Arthur Schlesinger, mshauri wa Rais Kennedy, alikuwa ameupinga mpango huo kwa maandishi, lakini baadaye alijilaumu kwamba katika vikao vyenyewe alinyamaza na kuishia kuuliza maswali machache ya woga. Hii ni dalili iliyotangulia, ila sasa imekizunguka kikao kizima.

Chanzo si unafiki peke yake. Katika miaka ya 1950, Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwataka wautaje ulio sawa kwa urefu na mstari wa mfano, huku wenzao, waliopangwa kwa siri, wakitoa kwa makusudi jibu lisilo sahihi. Takriban theluthi moja ya majibu ililifuata kundi kwenye kosa, ingawa kosa lilikuwa wazi machoni. Jambo lenye manufaa zaidi katika majaribio yale hutajwa mara chache: alipokuwapo mtu mmoja tu aliyetoa jibu sahihi, watu waliolifuata kundi walipungua sana. Kikundi kinachotaka kujilinda, kwa hiyo, hakihitaji wapinzani wengi. Kinahitaji sauti ya kwanza isije ikachelewa.

Njia rahisi ya kuiwahisha ni kuwataka wajumbe waandike misimamo yao, kila mmoja kwenye karatasi yake, kabla mtu yeyote hajasema, na karatasi zisomwe zote. Njia ya pili ni mkubwa kusema mwisho, au kutokuwapo kabisa kwa muda. Oktoba 1962, wakati wa mgogoro wa makombora ya Kuba, Kennedy yule yule alijiondoa katika baadhi ya vikao vya washauri wake ili wazungumze bila kumtazama usoni, na makundi yaliyokuwa na mapendekezo tofauti yakaandika hoja zao, yakabadilishana na kukosoana. Njia ya tatu, ya kumteua mjumbe mmoja awe mpinzani wa kuigiza, naipendekeza kwa uangalifu mkubwa. Wajumbe wakijua kwamba mtu anapinga kwa sababu amepewa zamu, humsikiliza kama wanavyosikiliza tangazo la usalama ndani ya ndege. Kama yupo mwenye shaka ya kweli, mtafute huyo.

Dalili: maswali yote yanaelekezwa upande mmoja

Hii haionekani kwenye karatasi ya alama mpaka uongeze kitu kimoja, yaani mshale unaoonyesha kila swali lilielekezwa kwa nani.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusukumia chombo cha anga za juu cha Challenger walizungumza kwa simu na maofisa wa NASA, shirika la Marekani la anga za juu. Walipendekeza chombo kisirushwe katika baridi iliyo chini ya nyuzi 53 za Fahrenheit, yaani takriban nyuzi 12 za Selsiasi, kwa kuhofia kwamba pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi hazingefanya kazi sawasawa. Utabiri wa asubuhi iliyofuata ulikuwa wa baridi kali zaidi ya hapo. Walihojiwa kwa ukali kuhusu takwimu zao, ambazo kweli hazikuwa kamili. Kampuni ikaomba muda wa kuteta peke yake, viongozi wake wakaligeuza pendekezo, na siku iliyofuata chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Roger Boisjoly, mmoja wa wahandisi hao, aliieleza tume ya uchunguzi kwamba walijikuta wakitakiwa kuthibitisha kuwa si salama kurusha, jambo lililo kinyume cha utaratibu waliouzoea.

Kikao kile hakikukosa maswali. Kilikosa swali moja kuelekezwa upande wa pili: ninyi mnaotaka kurusha, mna ushahidi gani kwamba pete zitafanya kazi katika baridi hii? Mzigo wa ushahidi ulihamishwa bila mtu yeyote kutoa hoja kwamba uhamishwe, na kwa kawaida ndivyo unavyohama: upande wenye haraka huonekana ndiyo hali ya kawaida, na upande unaosita huonekana ndiyo unaodai kitu.

Ukiiona mishale yote imeelekea upande mmoja, simamisha mjadala na uulize swali lile lile kwa kila upande, kwa maneno yale yale: ni jambo gani, likijitokeza, lingekufanya uache msimamo wako? Majibu yaandikwe kabla takwimu hazijarudiwa. Asiyeweza kutaja jambo hata moja amekujulisha kwamba hajaja kujadili, na ni vyema wote walijue hilo mapema.

Dalili: mnarudia yale yale ambayo kila mtu anayajua

Garold Stasser na William Titus walionyesha mwaka 1985 kwamba vikundi huelekea kujadili taarifa ambazo wajumbe wote wanazo, na kuziacha zile alizonazo mjumbe mmoja mmoja, hata pale ambapo hizo za mmoja mmoja zikiunganishwa zinaonyesha uamuzi ulio bora. Sababu mojawapo haina siri: jambo linalojulikana na watu sita lina midomo sita ya kulitaja. Waulize wajumbe kwa zamu, kila mmoja ataje jambo moja analodhani wengine hawalijui, na misimamo isitajwe mpaka zamu ziishe. Zoezi hili huchukua dakika chache na halihitaji ufafanuzi zaidi.

Dalili: kikao cha kweli huanza mlangoni

Wajumbe wametoka, na kabla hawajafika kwenye ngazi minong'ono imeshaanza. "Mimi ule mpango sikuuelewa hata kidogo." "Hata mimi, lakini ningesema nini?" Funika kombe mwanaharamu apite. Juma linalofuata utekelezaji unasuasua, kwa sababu makubaliano yalikuwa ya shingo upande.

Argyris alikuwa na zoezi linalofaa hapa, na linaweza kufanywa na mtu mmoja peke yake bila kumwambia yeyote. Gawa ukurasa kwa mstari wa wima. Upande wa kulia andika yaliyosemwa, upande wa kushoto andika uliyoyawaza bila kuyasema. Huu ni mfano wa kubuni. Kulia: "Nashukuru kwa taarifa hii, imeandaliwa vizuri." Kushoto: "Jedwali linaanzia mwezi wa tatu, miezi miwili ya mwanzo, iliyokuwa mibaya, haimo."

Kosa la kwanza ni kuuacha upande wa kushoto ulipo. Kosa la pili, ambalo watu hulifanya wakishachoka na la kwanza, ni kuumwaga mzima mzima kama ulivyo: "Mmeficha miezi mibaya!" Neno "mmeficha" ni kilele cha ngazi, kwani linadai kujua nia za watu. Kinachofaa kutolewa ni kidato cha chini kabisa, pamoja na sababu ya kukitaja: "Naona jedwali linaanzia mwezi wa tatu. Nakumbuka miezi miwili ya mwanzo haikuwa mizuri, na nadhani ikiingizwa wastani utashuka. Iliachwa kwa sababu gani?" Huenda jibu likawa kwamba njia ya kuhesabu ilibadilishwa mwezi wa tatu, na huenda likawa ukimya. Vyote viwili ni taarifa.

Hata hivyo, kabla ya kuwadai watu waseme, mwenyekiti ajiulize nini kilimpata wa mwisho aliyesema. Kama alikatizwa, alichekwa, au alikabidhiwa kazi yote ya kurekebisha alichokilalamikia, wajumbe wamejifunza, tena wamejifunza sawasawa. Amy Edmondson, alipochunguza timu za wauguzi hospitalini katika miaka ya 1990, alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache ya dawa, akakuta ndizo zilizorekodi mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba ndizo zilizokuwa na ujasiri wa kuyataja. Kwa hiyo kikao kinachoanza kupona kinaweza kwa muda kuonekana kibaya kuliko kilivyokuwa, na mwenyekiti asiyelijua hilo atakirudisha kwenye ugonjwa wake kwa nia njema kabisa.

Dalili: maneno ya udadisi yapo, udadisi wenyewe haupo

Kikundi kikishapata mafunzo ya namna hii, misamiati hubadilika haraka kuliko mazoea. Utasikia "naomba unisaidie kuelewa" kutoka kwa mtu ambaye tayari anatikisa kichwa, na "hayo ni maoni yangu tu" kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukubali maoni ya mwingine. Wasikilizaji hawadanganyiki, ila hukosa namna ya kulalamika, kwa kuwa maneno yenyewe hayana kosa. Kagua yanayofuata baada ya jibu. Kama muulizaji anaendelea na hoja yake kana kwamba hakujibiwa, mwombe arudie kwa maneno yake alichokisikia, mpaka aliyejibu akubali kwamba ndicho alichokisema. Zoezi hili linachosha na lisifanywe kwa kila kauli; mara mbili au tatu katika kikao hutosha kurudisha usikivu.

Zipo pia hali ambazo tatizo haliko kwenye uwiano hata kidogo. Ya kwanza ni dharura. Moshi ukionekana, anayejua mlango uliko aamuru, na maswali yasubiri mpaka watu wawe nje. Ya pili ni ya kawaida zaidi na hufichwa zaidi: uamuzi umeshafanyika. Viongozi wamekubaliana tangu juzi, barua imeshaandikwa, na kikao kimeitishwa ili wajumbe wajione wameshirikishwa. Hakuna namna ya kuuliza inayoweza kukiponya kikao cha aina hiyo, na kila swali linaloulizwa ndani yake huwafundisha wajumbe kwamba kuulizwa ni utaratibu wa kuburuzwa. Mwenyekiti akigundua kwamba ajenda fulani iko katika hali hiyo, aiondoe kwenye mambo ya kujadiliwa na aiweke kwenye taarifa, aseme wazi kwamba jambo limeamuliwa, nani aliliamua na kwa sababu zipi, kisha atenge muda wa majadiliano kwa yale yaliyobaki wazi: litaanza lini, nani atalisimamia, na nini kifanyike likileta madhara.